Mgodi Uliosogezwa Mbele

Sentensi yenyewe ilikuwa na maneno matano tu: Ujenzi wa mgodi umesogezwa mbele. Niliiandika mimi, kwenye kompyuta ya stesheneri ninayofanyia kazi hapa Kibiti, na nakumbuka vizuri kwamba katika kurasa zote nne ndiyo sentensi pekee ambayo sikuirudia. Nyingine zote nilizirudia. Kuna aya moja niliiandika upya mara nyingi mpaka mwenye duka akaniuliza kama ninalipwa kwa kufuta.

Afadhali niseme mapema mimi ni mtu wa namna gani, msomaji asije akadhani nilikuwa mzembe. Wazembe wana raha yao. Mimi nikimchapia mteja barua ya kuomba kazi, halafu nikagundua ameshaondoka na karatasi yenye nafasi mbili kati ya maneno badala ya moja, namfuata mpaka stendi. Nimewahi kufanya hivyo kweli. Yule mama alikuwa ameshakaa ndani ya basi. Nikamgongea kioo, akatoa mkoba haraka akidhani hakunilipa. Nilipomweleza shida ni nafasi, alinitazama kwa huruma sana.

Kiingereza nilijifundisha mwenyewe. Matokeo yangu ya kidato cha nne sitayaandika hapa. Yanatosha yalivyoandikwa kule. Mama mkubwa, dada yake mama, ambaye ndiye aliyenilea kijijini kwetu deltani, hakuniuliza kitu siku ile. Wiki iliyofuata alitoka mnadani na kamusi ya mtumba, nene kama tofali, imefungwa kwa kamba ya katani. Ilikuwa imekatika nyuma. Inaishia katikati ya herufi S. Nilikaa nayo miaka mitatu, neno kwa neno, na mpaka leo neno la Kiingereza linaloanza na T au W hunitia wasiwasi kidogo, kama mtu nisiyemjua aliyenisalimia kwa jina langu.

Kwa hiyo kazi ya kutafsiri ilinijia kwa mlango wa nyuma. Kuna kikundi cha uwekezaji hapa kwetu: wauza korosho wa Bungu, wenye maduka wa Kibiti na Ikwiriri, walimu kadhaa, na akina mama wachache kutoka deltani, mama mkubwa akiwa mmoja wao. Miaka kadhaa iliyopita walichanga wakanunua hisa za kampuni changa iliyotaka kuchimba shaba huko bara, mahali ambapo hata mmoja wetu hajawahi kufika. Hisa zina jina la kikundi, lakini ndani yake kila mtu ana fungu lake. Mwanachama akitaka, anamuuzia mwenzake. Inachapwa karatasi, katibu anagonga muhuri, basi.

Mama mkubwa ndiye aliyeuliza swali kwenye mkutano wa kwanza. Mgeni aliyetumwa kueleza mradi alikuwa anazungumzia shaba kwa muda mrefu, naye akanyoosha mkono: "Samahani, baba. Shaba ya sinia au shaba ya nyaya?" Watu walicheka. Mgeni hakucheka, alisema ni ile nyekundu, ya nyaya, na kwamba dunia nzima inaitaka. Mama mkubwa akatingisha kichwa. "Haya. Korosho zinaoza, mpunga unaliwa na kwelea. Shaba itakaa." Akatoa akiba yake ya mashine.

Mashine hiyo ni ya kukoboa mpunga. Iko kwenye kibanda cha bati karibu na bandari ndogo ya kijiji, na upande wetu wa delta hakuna nyingine. Nimelala kwa mlio wake utoto wangu wote; nikisinzia mchana, nasinzia kwenye pumba.

Mgodi ulitakiwa uanze zamani. Kila mwaka kampuni hutuma taarifa kwa Kiingereza, na kila mwaka taarifa hueleza kwa heshima kubwa kwa nini bado. Mwaka wa kwanza katibu aliniletea akaniomba "nimchungulizie kidogo". Nilimtafsiria yote, nikamwekea na maelezo chini ya kurasa. Tangu hapo ikawa kazi yangu. Wananisifu, na nikiri kwamba sifa zao huniogopesha kuliko lawama, kwa sababu mtu anayelaumiwa ameshajua alipoanguka.

Taarifa ya safari hii ilikuwa ndefu kuliko zote. Barabara ya kufika mgodini haijakamilika. Umeme haujafika. Fidia za wanakijiji wanaopisha mradi hazijaisha kulipwa. Mabenki yaliyokubali kukopesha yanasubiri hayo matatu. Kwa upande mwingine, bei ya shaba duniani ni nzuri, na shaba iliyopimwa chini ya ardhi haijapungua hata punje. Mwisho kulikuwa na sehemu inayoeleza jinsi mwekezaji anavyopaswa kuutazama mwaka unaokuja, na kichwa chake cha habari kilinitesa siku nzima. Niandike Mtazamo? Mtazamo ni maoni ya mtu. Matumaini? Matumaini tunampa mgonjwa. Nikaishia Matarajio, kisha nikakaa nikiogopa kwamba kuna mtu atasoma matarajio akaona ahadi.

Huko ndiko nilikoweka macho yangu yote. Ile sentensi ya maneno matano niliipita kama unavyopita mlango wa nyumbani. Kwetu harusi ikiahirishwa tunasema imesogezwa mbele. Boti ya Nyamisati isipoondoka leo ikaondoka kesho, safari imesogezwa mbele. Ujenzi haukuanza, utaanza baadaye, umesogezwa mbele. Nikachapa, nikaweka kwenye kundi la simu, nikabandika nakala dukani.

Kundi likalipuka kwa furaha.

"Alhamdulillah!"

"Subira yavuta heri, wanangu."

"Mliokuwa mnasema ngoja ngoja yaumiza matumbo, mko wapi leo? Matumbo yanaendeleaje?"

Huyo wa matumbo alikuwa mwalimu wa hesabu wa Bungu, mwanachama mwenye maneno kuliko wote. Nilisoma nikatabasamu. Nilidhani wanafurahia ile aya ya bei ya shaba, ambayo kwa kweli niliiandika vizuri. Nikajipikia chai nikaitia tangawizi, jambo ambalo hulifanya nikiwa nimeridhika na nafsi yangu, yaani mara chache.

Siku iliyofuata mama mkubwa akapiga simu kutoka deltani. Ili simu hiyo ieleweke, lazima niseme kwamba injini ya mashine yake ilikuwa imekufa wiki kadhaa kabla, mavuno yakiwa yanakaribia. Fundi alikuwa ameifungua, akaitazama, akaifunga. "Mama, hii ni ya kuzika," akamwambia. Bila mashine, wanawake wa upande wetu wana mambo mawili: kutwanga kwa mchi, au kupakia magunia kwenye boti mpaka Nyamisati na kuyarudisha, nauli kwenda na kurudi. Mama mkubwa alikuwa anataka kuuza fungu lake la shaba anunue injini. Alilitangaza kwenye kikundi wiki hizo zote, hakuna aliyelitaka. Nani anunue mgodi uliolala?

"Mwanangu, nimepata mnunuzi!" Alikuwa anapiga kelele kama kawaida yake, kana kwamba simu ni bomba. "Mwalimu wa Bungu. Analitaka fungu lote, tena anatoa zaidi ya nilivyonunulia."

"Zaidi?"

"Zaidi! Na mimi nimeshangaa. Nikamwambia, mwalimu, si wameandika mgodi umesogezwa mbele? Akaniambia, ndiyo maana nanunua, mama, umesogezwa mbele! Nikasema haya, wasomi wana hesabu zao."

Hapo ndipo nilipoiona. Niliiona pale pale, nikiwa nimesimama kwenye mashine ya fotokopi, kifuniko kiko juu na mwanga wake unapita chini ya mkono wangu. Kazi iliyosogezwa mbele ni kazi iliyopiga hatua. Mwanafunzi aliyesogea mbele amefaulu. Mwalimu alikuwa amesoma kwamba ujenzi umeendelea, na kundi zima lilikuwa limesoma hivyo hivyo. Mama mkubwa peke yake, mtu wa boti na harusi, ndiye aliyeielewa sentensi yangu kama nilivyoikusudia.

"Hallo? Unanisikia?"

"Mtandao, mama mkubwa. Unakatika."

Nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri kuliko siku zote.

Siku nne zilizofuata sipendi kuzikumbuka, lakini nimeahidi nafsi yangu kwamba nikiandika haya nitayaandika yote. Nilijiambia kwamba namfikiria mama mkubwa na injini yake, na akina mama wa kijijini na michi yao. Ni kweli niliwafikiria. Lakini kitu nilichokiogopa hasa kilikuwa kingine: watu wangejua kwamba nimekosea. Mimi, niliyeshindwa shule nikajijenga upya kwa kamusi isiyo na mkia, nimekosea Kiswahili. Kiingereza ningesamehewa.

Nilitunga hata ujumbe. Ulisema: Marekebisho madogo katika ukurasa wa pili. Nikapanga kuuweka Ijumaa, wakati kundi linapofurika picha za maua na dua za Ijumaa njema, ili uzikwe chini yake na mimi niweze kusema baadaye kwamba nilisahihisha. Ijumaa ikafika. Maua yakaja kwa wingi. Ujumbe nikaushika mkononi mpaka adhuhuri ikapita, sikuutuma hata huo.

Jumatatu mama mkubwa akaingia dukani. Alikuwa ametoka na boti ya alfajiri, akapata gari Nyamisati, akapita Bungu bila kushuka ili aje kwangu kwanza, kwa sababu karatasi ya mauzo lazima ichapwe na anayechapa ni mimi. Alimletea mwenye duka kamba wakavu ndani ya kifurushi cha ukili. Akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele yangu, mtandio wake bado una unyevu wa chumvi.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Chapa, tumuwahi mwalimu kabla hajabadilisha akili. Injini nimeshaiona, mpya, bado ina nailoni yake."

Nikaanza kuchapa. Mimi fulani nakubali kwa hiari yangu kumuuzia fulani fungu langu. Neno hiari nikaliandika vibaya. Nikafuta. Nikaliandika vibaya tena. Mama mkubwa hasomi sana, lakini vidole vyangu anavijua tangu vikiwa havijaweza kumenya ndizi.

"Vidole vyako vinatafuta nini?"

"Hakuna kitu."

"Unaumwa?"

"Mama mkubwa, mwalimu anadhani mgodi umeanza kujengwa."

Akasogeza kiti karibu. Mwenye duka alikuwa nje anaongea na mteja. Namshukuru Mungu kwa mteja yule.

"Wewe uliandika umeanza?"

"Niliandika umesogezwa mbele."

"Yaani umechelewa."

"Ndiyo. Yeye kaelewa umeendelea. Kundi zima limeelewa hivyo."

Alifikiri kidogo, midomo ikitembea, kama anayajaribu maneno kwenye ulimi. Kisha akacheka, kicheko kile cha kutoka tumboni. "Ebo! Kumbe mbele kuna njia mbili!" Nikacheka naye kidogo, kwa hofu. Halafu kicheko kikamwisha.

"Umejua lini?"

"Siku uliponipigia."

"Siku nne zote?"

"Ndiyo."

"Na mtandao?"

"Mtandao ulikuwa mzuri."

Ningetamani angenifokea. Alitazama skrini, pale penye neno hiari lililokuwa bado bovu, akavuta mtandio wake kichwani.

"Unajua mashine yangu kilichoiua ni nini?" akasema. "Kuna mtu alileta gunia. Juu mpunga mkavu, unalia ukiushika. Chini kaweka mbichi, kaufunika. Nikamimina lote. Mashine ikakwama, injini ikajilazimisha mpaka ikatoa moshi. Wala sikumjua ni nani, magunia yalikuwa mengi. Sasa unataka mimi nimpelekee mwalimu gunia la namna hiyo?"

"Sitaki. Lakini injini, mama mkubwa. Mavuno hayo."

"Injini nitaitafuta. Nikiinunua kwa pesa ya mtu niliyemwona anapotea nikanyamaza, nitamsikia yeye kila ikinguruma." Akasimama. "Zima hiyo kompyuta. Twende Bungu. Na mimi nitakaa tu. Utasema wewe."

Njiani alinunua mahindi ya kuchoma mawili, akanipa kubwa. Sijui kwa nini kitendo hicho kilinitoa machozi; nilisema ni moshi, na moshi tulikuwa tumeuacha barabarani.

Mwalimu tulimkuta barazani kwake, anasahihisha madaftari, amevua viatu. Alipotuona alinyanyuka akapangusa viti.

"Karibuni, karibuni! Shikamoo, mama. Naona karatasi imeletwa kwa ulinzi, mpaka mtafsiri wetu mwenyewe!"

"Marahaba, mwanangu," mama mkubwa akasema. Akakaa. Akaweka mikono mapajani. Akanitazama.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ndani ya gari. Yote yalitoka nyuma mbele. Nilisema kuhusu harusi, kuhusu boti, kuhusu kusogea, na mwalimu akaanza kunitazama kama mwanafunzi anayezunguka swali. Mwisho nikasema tu: "Mwalimu, mgodi haujaanza. Umechelewa tena. Mimi ndiye niliyeandika vibaya."

"Haujaanza hata msingi?"

"Hata msingi. Barabara yenyewe bado."

"Lakini umesogezwa..." Akaishia hapo. Nikaona neno likigeuka machoni pake. Akachukua simu, akaitafuta taarifa ya Kiingereza, akaisoma kimya, kidole kikishuka. Alipofika pale, akaguna.

"Unajua mimi nina digrii," akasema. "Hii ya Kiingereza nilikuwa nayo kwenye simu siku zote. Sikuifungua. Nilisoma ya kwako kwa sababu ya kwako inasomeka."

Kwa mtu kama mimi hayo yalikuwa maneno mazito kuliko tusi. Nikasema samahani. Nikasema tena.

"Na hawa wote waliopiga alhamdulillah?"

"Nao wamekosea kwa sababu yangu."

"Yarabi. Na mimi ndiye niliyewauliza wenzangu hali ya matumbo." Akajishika kichwa, na mabega yakaanza kumtetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Mama mkubwa naye akaanza, na mke wa mwalimu akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini, akaambiwa kuna mgodi.

Walipomaliza, mwalimu akawa mwalimu tena. "Mama, kwa bei ile sinunui."

"Sikuja kwa bei ile," mama mkubwa akasema. "Nimekuja kukwambia. Ukiacha kabisa, sawa pia."

Alasiri ikaadhiniwa. Mwalimu akaomba dakika chache akaenda msikitini, na sisi tukabaki barazani na rundo la madaftari. Nilitazama daftari la juu. Mwanafunzi alikuwa amekosea hesabu mstari wa tatu, na mwalimu alikuwa ameizungushia kalamu pale pale penye kosa, mistari mingine yote akaipa alama. Sikujua kwamba hesabu inaweza kusahihishwa hivyo. Shuleni kwangu ilikuwa vema au kosa, basi.

Aliporudi alikaa akaongea polepole, kama anajieleza mwenyewe. Alisema kuchelewa si kufa. Shaba iko ardhini, nyaya zitatakiwa, barabara ya vumbi siku moja itaisha kujengwa. Lakini yeye ana watoto wa kusomesha na hawezi kulaza akiba yote mahali pasipo na hata msingi. Angechukua nusu ya fungu, kwa bei ileile ambayo mama mkubwa alinunulia, si zaidi wala si chini.

"Nusu ninayobaki nayo nitangoja nayo," mama mkubwa akasema.

"Basi tutangoja wote, mama."

"Kwetu mto ukichelewa kuleta maji matamu mashambani hatuuzi shamba," akamwambia. "Ila mbegu hatuzili."

Mwalimu akasema hilo angelipenda kwenye taarifa ya kampuni badala ya kurasa nne.

Karatasi niliichapa upya kesho yake. Lakini masahihisho ya kundi mama mkubwa hakukubali yangoje kesho. Niliyaandika pale pale barazani, kwenye simu, nikawasomea wote wawili kwa sauti kabla ya kutuma, na kila sentensi mwalimu aliniuliza, "Hii mtu anaweza kuielewa vingine?" Mbili zilikuwa zinaweza. Tukazibadilisha. Yaliyobaki yalikuwa haya: Nimekosea mimi mtafsiri. Ujenzi wa mgodi umechelewa. Bado haujaanza. Sababu ni barabara, umeme na fidia.

Simu ikaanza kulia mfululizo.

"Kumbe nimechinja kuku bure?"

"Mtafsiri, hata Kiswahili nacho kinahitaji mkalimani?"

"Mwalimu wa matumbo, vipi hali?"

Masikio yaliniwaka. Nilingoja mtu aseme nitafutiwe mbadala. Hakuna aliyesema. Muuza korosho mmoja, mtu ambaye huwa haandiki kitu kundini isipokuwa rambirambi, aliandika: "Ahsante, binti, kwa kusema. Wengine wangetuacha tuendelee kufurahi." Ujumbe huo ninao mpaka leo, na simu imeshabadilishwa.

Nusu ya fungu haikutosha injini yenye nailoni. Mama mkubwa alipata ya mtumba kupitia fundi wa Ikwiriri, iliyotolewa kwenye pampu ya mashamba ya Chumbi, na ilichukua wiki kadhaa kuitengeneza na kuivusha. Mavuno hayakuingoja. Nilikwenda deltani Jumapili mbili nikatwanga na akina mama, kwa sababu nilijua vizuri mchi ule uko mikononi mwao kwa sababu ya nani. Sikuwaambia. Mama mkubwa alikuwa ameshawaambia. Mmoja wao, jirani yetu tangu utoto wangu, alinitazama malengelenge ya viganja akasema, "Hayo ndiyo maandishi mazuri, mwanangu, yanasomeka upande mmoja tu," na kinu kizima kikasimama kwa kicheko. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikumbuki mara ya mwisho nilipochekwa hivyo bila kutaka kutoweka.

Nimejaribu kuelewa kwa nini, nikiikumbuka aibu ile, kinachokuja kwanza ni shukrani. Nadhani ni kwa sababu maisha yangu yote niliamini kwamba kosa likionekana mimi ndiye nitakayefutwa, mzima mzima, kama ukurasa. Nao walilizungushia tu pale lilipokuwa. Mama mkubwa angeweza kuniuliza kwa uchungu zile siku nne, na hajawahi kuziuliza tena. Mwalimu angeweza kunitangaza mji mzima. Alichofanya, baada ya kusimuliwa na mama mkubwa habari ya kamusi yangu, ni kuniletea, mwezi uliofuata, kurasa alizozichapisha kutoka kamusi nyingine, kuanzia katikati ya herufi S mpaka mwisho. Nilizibana pamoja na zile za zamani. Karatasi hazilingani ukubwa, za nyuma zimetokeza nje, na hilo, kwangu mimi, si jambo dogo kulivumilia. Nimelivumilia.

Sasa nina utaratibu. Kabla taarifa haijaenda kundini, nampigia mama mkubwa na kumsomea. Hanijibu kama ni nzuri au mbaya. Ananirudishia alivyoelewa, na tukitofautiana naandika upya.

Taarifa ya karibuni ilikuja wiki iliyopita. Nilimpigia mchana, nikasikia mlio nyuma yake, ule wa kukohoa kidogo wa injini ya pampu ambayo haijakubali bado kwamba siku hizi inakoboa.

"Soma kwa sauti!" akasema. "Kuna magunia saba hapa!"

"Barabara imekamilika, mama mkubwa. Umeme bado. Mgodi haujaanza kujengwa."

"Haujaanza?"

"Haujaanza."

"Haya," akasema, na nikamsikia anamkaripia mtu afungue gunia aingize mkono mpaka chini. "Andika hivyo hivyo."